Mjohoro wa Uani

Mke wangu alianguka jikoni akikoroga uji, na aliporudi kutoka hospitali mkono wake wa kulia haukunyanyuka tena na maneno yalikuwa yamempotea. Walisema ni kiharusi. Alikuwa muuza mchicha sokoni, mtu wa kutaniana na kila anayepita, mtaa wetu wote wa Ng'ambo ukimjua kwa sauti kabla ya sura. Sasa alifungua mdomo ukatoka mvumo tu, na ukishatoka aliona haya, akalia.

Mimi ni seremala. Kibanda changu kilikuwa mbele ya nyumba, barabarani, lakini nikahamishia meza ya randa uani ili nifanye kazi huku namtazama. Kiti chake nilikiweka chini ya upenu, akitazamana na mti mkubwa wa mjohoro uliokuwa katikati ya ua. Nyuma ya mjohoro kulikuwa na uzio wa minyaa alioupanda marehemu baba yangu alipokuja kuishi nasi.

Sikumweka pale kwa ajili ya ndege. Nilikulia kijijini Puge, na huko ndege walikuwa adui zetu. Utoto wangu ulipita juani nikiwafukuza wasitumalizie mtama. Mtu angeniambia kwamba iko siku nitashika randa bila kuisukuma, nimemkodolea macho ndege anayesuka kiota, ningemwona hana akili nzuri.

Mvua za kwanza ziliponyesha, minana wakaja. Madume yao ni ya manjano, uso mweusi, kelele nyingi. Kwanza waliyanyofoa majani ya ncha za matawi, matawi yakabaki uchi, kisha wakaanza kuleta nyuzi za nyasi na kuzisuka kwa midomo huku wananing'inia kichwa chini. Mke wangu aliacha kuangalia mkono wake. Akawa anaangalia juu.

Siku moja dume mmoja alimaliza kiota chake, akaning'inia mlangoni, anapiga mabawa na kupiga makelele ya kuita. Jike akaja. Akaingia, akatoa kichwa, akavuta uzi mmoja wa nyasi kama anayepima kitambaa dukani, akaruka zake. Dume akabaki pale, kimya.

"Kamkataa."

Nilidhani ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyetoka Usinge kuja kunisaidia kumuuguza. Lakini shemeji alikuwa kisimani. Nikageuka.

"Umesemaje?"

"Kamkataa," akarudia, taratibu, na mdomo ukacheka upande mmoja.

Nilipiga magoti kwenye maranda pale pale nikamshika miguu. Dume naye akaanza kukifumua kiota kwa hasira, nyasi zinadondoka, na mke wangu akanitazama mimi, si ndege, akasema, "Fundi mbovu."

Tangu hapo maneno yalirudi moja moja, na mengi yalirudi kwa njia ya ua ule. Tetere waliooga vumbi chini ya minyaa aliwaita wavivu. Chozi, yule ndege mdogo mwenye kifua kinachong'aa, aliyekuja kwenye maua ya mshubiri, aliitwa bwana harusi. Shore aliyetoboa mapapai yetu alitukanwa kila siku, na kila siku tusi lilikuwa refu kidogo kuliko la jana. Asubuhi nikimtoa nje aliwasalimia wote kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," halafu anasubiri kana kwamba wataitika. Nami nikawa najifunza. Nilijua jike yupi amekubali kiota kipi. Nilikula chakula changu cha mchana pale pale nimeinua kichwa. Nimeishi na mwanamke yule tangu sote vijana, na sikumbuki wakati tuliokaa pamoja mchana kutwa hivyo, bila yeye kukimbilia soko wala mimi kukimbilia mbao.

Kisha baba yangu mdogo akafariki Puge, ikanibidi niende kuzika. Nilimwacha mgonjwa na shemeji. Nikiwa huko kijana wetu wa kwanza, mwenye duka la vipuri Dar es Salaam, akafika nyumbani na gari, na pesa, na mapenzi yake kwa mama yake. Sisemi kwamba hakumpenda. Ningeweza kusema hivyo, ingekuwa rahisi kwangu.

Niliporudi baada ya matanga nilikuta geti la chuma. Nilifikiri bajaji imeniteremsha kwingine. Ndani, uzio wa minyaa ulikuwa umeng'olewa, ukuta wa matofali umesimama mahali pake. Ua mzima ulikuwa umetandazwa vitofali vya saruji, vile wanavyoviita pevingi. Katikati, palipokuwa na mjohoro, hapakuwa na hata kisiki.

"Shikamoo, baba," kijana akasema, akitabasamu. "Unaonaje?"

"Mti uko wapi?"

"Ule? Ulikuwa unachafua, baba. Kinyesi cha ndege mpaka kwenye kiti cha mama. Na ile minyaa, nyoka watupu. Mgonjwa anahitaji mazingira safi."

"Viota vilikuwa na makinda."

Aliniangalia kama anayengoja nimalize mzaha. "Baba, ndege si wapo kila mahali?"

Shemeji ndiye aliyenieleza mengine, jikoni, kwa sauti ya chini. Mafundi walipowasha msumeno wa mashine, dada yake alipiga kelele. Hakuvuma. Alisema neno zima, "Acheni," akalirudia mpaka sauti ikakauka. Kijana akamwambia shemeji amwingize ndani mama, anaogopa mashine. Matawi yaliangushwa na viota vyake, wakayachoma nje ya ua.

"Nilimwambia, shemeji," akasema, machozi yanamtoka. "Nikamwambia mama yako anakukataza. Akasema mama hajui anachosema."

Jioni ile madume walirudi. Walikuja na nyasi midomoni, wakazunguka juu ya vile vitofali kwenye urefu uleule wa matawi, hawana pa kutua. Mke wangu aliwatazama kidogo, kisha akaninyooshea mkono wake mzima nimwingize ndani.

Hakusema tena. Kijana alinunua televisheni kubwa na king'amuzi, akatafuta stesheni ya wanyama. "Hawa hapa ndege, mama," akasema, "tena wazuri kuliko wa hapa." Mama akafumba macho. Kijana akaniambia amelala.

Kilichonichoma zaidi ni majirani. Walipita kuangalia, wakavua viatu kabla ya kukanyaga. "Mmepata mtoto," walisema. "Wengine wanawatelekeza wazazi." Nami nikalazimika kuitikia ahsanteni. Mtu aliyekuibia unaweza kumlalamikia. Aliyekutendea wema kama ule utamlalamikia wapi, na nani atakuelewa?

Nilimpeleka mke wangu nje siku nyingi. Mchana vile vitofali vilikuwa na joto la kuunguza nyayo, na upenu haukutosha. Kunguru peke yao ndio waliokuja, wakatembea kwenye ukuta. Alifariki kabla ya mvua nyingine, amelala, uso wake umeelekea ukutani.

Kwenye msiba viti vilipangwa uani, na watu wakasifu jinsi palivyo pasafi, hakuna tope. Kijana alisimama akawashukuru waombolezaji. Alisema anamshukuru Mungu kwamba alimjengea mama yake mahali pazuri pa kumalizia siku zake. Watu wakaguna kwa kukubali. Shemeji yangu aliinama akajifunika khanga. Mimi nilikaa nikatazama mikono yangu.

Kabla kijana hajaondoka aliniomba twende wote Dar es Salaam. Nikamwambia sitaki.

"Baba, nimekukosea nini?" Sauti ilikuwa ya kweli, ya mtoto.

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu jike aliyekataa kiota, na neno la kwanza, na yote yaliyofuata. Alisikiliza hadi mwisho, amesimama na ufunguo wa gari mkononi.

"Mbona hamkuniambia?" akauliza.

"Mama yako alikuambia."

Aliondoka bila kula. Hupiga simu mara moja moja, tunazungumza habari za hali ya hewa na bei ya mbao. Uani sikai tena. Jirani aliniomba alaze bajaji yake pale, nikampa ufunguo wa geti.