Afukuzwa kazi kwa breki aliyokatazwa kuivuta

Meno ya gia ya lori la Bwana Masanja yamekatika, na dereva wake Ramadhani amefukuzwa kazi. Fundi Kapela ameniambia hivyo mchana huu, hapa Mtendeni.

Lori lilijaa karanga kutoka Lusu. Lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko kwa gia tu, bila breki ya mkono, kama kila siku. Uzito wote ukaelemea gia.

"Umeniulia lori!" Bwana Masanja alifoka mbele ya watu. "Breki huijui?"

Fundi akafungua mlango wa dereva, akachungulia, akacheka.

"Breki yenyewe mpya kabisa. Nani kaifunga kamba?"



Ramadhani akamgeukia Bwana Masanja, akajibu kwa adabu, "Ni wewe, mzee. Ulisema tukiivuta kila siku waya utachakaa."

Bwana Masanja hakukana. Alisema tu, "Dereva mzuri angeifungua."

Jamani! Kaokoa waya, kaua gia, halafu anamfukuza aliyemtii?

Ramadhani anataka kazi yake. Jumatatu saa mbili asubuhi anakwenda kushtaki kwa Bwana Shauri, afisa wa serikali. Fundi atakuja na ile kamba, mimi nitaeleza nilichosikia kwake.

Nanyi mliokuwapo, mtasimama naye?