Daraja la Kufagiwa

Jua ndiyo kwanza linachomoza na mlinzi ameshashika ufagio. Anafagia daraja pana la zege ambalo tangu likamilike halijapitwa hata na baiskeli. Kila upande kuna geti na kufuli. Nje ya mageti ni majani tu, kwa sababu mradi wa barabara yenyewe ulifutwa.

Chini, watoto wa shule wanavuka mto, viatu mkononi.

"Shikamoo babu! Daraja limeamkaje?" mmoja anapaza sauti. Ni mjukuu wake.

"Marahaba. Limeamka salama, halijaibwa."

Watoto wanacheka. Yeye hacheki. Anaegemea ufagio mpaka wa mwisho atoke majini.

Mtaani wanamwita Bwana Daraja. Aliajiriwa mradi uliposimama: asiruhusu mtu kupita, na pawe safi wakija wakaguzi.

"Nalipwa kumzuia mjukuu wangu asipite pakavu," anasema. "Ndiyo kazi yangu, wala usiipambe."

Haipambiki. Kodi yetu ilijenga daraja. Kisha ikamlipa mkandarasi mabilioni ya fidia kwa kuvunjiwa mkataba. Tumelipa kujenga, tumelipa kuacha kujenga, na sasa tunalipa ili watu wasipite. Inauma, na inatia hasira.

Nilipompigia simu mhandisi wa wilaya, alijibu bila haya: "Daraja halijakabidhiwa. Mtu akiumia pale, nani atawajibika?"

Na akisombwa na maji?

"Mto hauko chini ya idara yetu."

Mvua zilizopita, mto ulimsomba mjukuu huyo huyo. Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo alimdaka kwa kuukamata mkoba wake wa shule. Babu alikuwa juu, funguo mfukoni.

"Niliona kila kitu," anasema. "Nikashuka mbio, nikakuta ameshaokolewa na mwingine. Mwanangu hakunisema hata neno. Afadhali angenitukana."

Mawingu yameanza kujikusanya tena. Bwana Daraja anasema ameshaamua: mvua ya kwanza ikinyesha, anafungua mageti yote mawili.

Na kazi je?

"Waje wanifukuze. Ila wakija, na wao wapite hapa hapa darajani, wasilowe."

Anatoa kichupa cha mafuta mfukoni. Kufuli limeshika kutu, na analitia tone kwa tone, lisije likakwama siku hiyo.