Spika za Baba Lydiah

Watu wa mtaa wetu wa Jericho wanapenda kusimulia kwamba binti yetu Lydiah alichumbiwa kwa redio. Nimeisikia habari hiyo sokoni, nimeisikia nje ya kanisa, na juzi nimesimuliwa na mwanamke ambaye siku ya tukio lenyewe alikuwa bado ananyonya. Haikuwa redio. Kilikuwa kinanda cha santuri, amplifaya na spika mbili, vyote mali halali ya marehemu mume wangu, Bedan Gachanja. Mimi nilikuwapo, na nimewafundisha watoto wa mtaa huu kusoma na kuandika. Heri niiandike mwenyewe.

Bedan alizaliwa Kangema, akaja Nairobi kijana, akawa karani katika bohari la mizigo. Kila asubuhi alitoka nyumbani na tai shingoni. Hakunywa, hakugombana na mtu. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: hangeweza kuona nyaya mbili zimeachana akaziacha hivyo. Aliwahi kuunganisha kengele ya mlangoni na taa ya jikoni, na kwa muda mrefu kila mgeni alipobonyeza kengele, mimi niliyekuwa nikipika nilibaki gizani.

Mwaka 1978 mkubwa wake wa kazi alirudi kwao Ulaya akamwachia kinanda cha santuri, kitu cha fahari chenye mkono mwembamba wa fedha na mfuniko wa plastiki iliyong'aa kama kioo. Bedan akatafuta amplifaya na spika katika maduka ya River Road, akazibeba mwenyewe hadi nyumbani. Vikakaa sebuleni bila kuunganishwa, nami nikavifumia vitambaa. Nyumbani kwangu hakuna kitu kilichowahi kukaa uchi.

Kisha wazazi wa Muasya, kijana aliyependana na Lydiah, wakatuma habari kwamba wanakuja Jumamosi kuposa. Lydiah alikuwa nesi, na Muasya alikuwa dereva wa gari la wagonjwa katika hospitali aliyofanyia kazi. Alhamisi jioni binti yangu alinifuata jikoni, akasimama akiokota mchele ambao ulikuwa umeshaokotwa.

"Mama," akasema, "nakuomba msiwafukuze. Nikimkosa huyu, msiniletee mwingine."

"Nani amesema tutawafukuza?"

"Baba Mkubwa Kinyanjui ndiye atakayesema."

Hapo alikuwa amenena kweli. Kinyanjui, kaka yake Bedan, ndiye angekuwa msemaji wetu, na Kinyanjui aliamini kwamba mkwe asiyetoka jasho si mkwe. Isitoshe, alikuwa hasikii vizuri, kwa hiyo hata alipokuwa mpole alionekana anafoka.

Bedan naye alikuwa na lake. "Wakwe watakuta muziki," akaniambia. "Gitaa linatoka upande wa kushoto, ngoma upande wa kulia. Wataondoka wakijua binti yetu anatoka wapi."

"Tafuta fundi."

"Fundi wa nini, Mama Lydiah? Ni nyaya tu."

Mara ya kwanza alipounganisha, sauti ilitoka kama ya mtu anayeimba ndani ya chungu kilichofunikwa. Alikuwa ameingiza waya kwenye tundu la kaseti. Akahamishia kwenye tundu la santuri, na sauti ikaja, lakini ikaja pamoja na mngurumo kama wa lori lililosimama nje ya mlango bila kuzimwa. Akazunguka na tochi mpaka akagundua kiwaya kimoja chembamba kilichokuwa kikining'inia bila kazi, akakifunga kwenye skrubu nyuma ya amplifaya. Mngurumo ukakatika. Akanikumbatia mbele ya dirisha wazi, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Furaha haikudumu. Kwa kuwa sebule ni ndogo, kinanda kilikuwa kimewekwa juu ya spika moja, juu ya kitambaa changu kizuri kuliko vyote. Kila Bedan alipoongeza sauti, spika zilianza kulia: uuuuu! Jirani yetu Khavere akagonga ukuta.

"Baba Lydiah! Mnachinja nini huko?"

Bedan akafikiri sana. Akasema spika inatikisa sindano, sindano inapeleka mtikisiko kwenye spika, nayo spika inautikisa upya. Wawili hawa watenganishwe. Akakibeba kinanda hadi chumbani, akakiweka juu ya sanduku langu la bati karibu na kitanda, nyaya akazipitisha chini ya pazia la mlango. Amplifaya na spika zikabaki sebuleni. Kilio kikaisha. Nilikubali, kwa sababu mgeni haingii chumba cha kulala.

Jumamosi wakaja. Mzee Mbithi, baba yake Muasya, alikuwa Mkamba, mchonga vinyago kutoka Wamunyu, mrefu, mwenye mikono migumu. Mkewe, Mama Nthoki, alikuwa amevaa kofia ya zambarau yenye ua kubwa kiasi kwamba alipoketi, kijana wake alilazimika kuegemea upande. Tukawapa chai katika vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Bedan akatoweka nyuma ya pazia, na punde kwaya ikajaa sebule nzima.

"Ala!" Mzee Mbithi akashtuka. "Mmewaficha watu wangapi huko chumbani?"

Tukacheka. Mzee akainuka, akapapasa ubavu wa spika, akagonga kwa kidole. "Sauti ni tamu," akasema, "lakini mti huu wamekudanganya, mkwe. Nje ganda, ndani unga wa msumeno."

"Ongeza!" Kinyanjui akapaza sauti. "Mbona mimi sisikii?"

Bedan akazungusha kitufe cha amplifaya hadi kaka yake akaridhika. Kisha Mzee Mbithi akasimama, akasema kwa adabu kwamba wameona ua katika boma letu na wanaomba kulichuma. Ikawa zamu yetu. Kama ilivyo desturi, Kinyanjui akajibu kwamba neno kama hilo halijibiwi mtu akiwa ameketi. Akaomba tuende faragha tukashauriane.

Faragha katika nyumba ya baraza la jiji ni chumba cha kulala. Tukaingia watatu: Kinyanjui, Bedan na mimi. Bedan akazima kinanda, santuri ikasimama. Lakini mkono wenye sindano hakuuinua. Aliogopa sana kukwaruza santuri, na mazoea yake yalikuwa kuiacha sindano pale pale iliposimama. Kinyanjui akaketi kwenye sanduku la bati, kando ya kinanda, maana kitandani pa mke wa mdogo wake hangeweza kuketi.

"Tuwazungushe!" akaanza, kwa Kikuyu, akinong'ona kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Tuwaambie warudi baada ya mavuno. Dereva! Tumesomesha mtoto aje achukuliwe na dereva?"

"Kaka, taratibu," Bedan akasema. "Anabeba wagonjwa, na hajamwangusha hata mmoja. Na yule mzee nimempenda. Ndiye mtu wa kwanza kuzigusa spika zangu."

"Amesema ni unga!"

"Amesema kweli. Nampenda zaidi."

"Shemeji," nikaingilia, "tukiwazungusha wataenda kabisa, na Lydiah hatatusamehe. Kijana ni mzuri. Mama yake ni mwema, ingawa kofia ile ingetosha kufunika kibanda cha kuku. Na tafadhali ukirudi, shika kikombe kwa mikono miwili. Vikombe ni vya Khavere."

"Kwa hiyo tunakubali?"

"Tunakubali. Lakini kwa uzito."

"Basi niwatese kidogo," Kinyanjui akasema, akapiga sanduku kofi la furaha. "Kidogo tu, wasituone rahisi."

Tukarudi. Niliona mambo ambayo sikuyaelewa. Mama Nthoki alikuwa ameficha uso wote ndani ya leso. Muasya alikuwa akitazama dari. Mzee Mbithi alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai. Lydiah alikuwa mlangoni pa jiko, na macho yake yalinitafuta kwa namna ya kutisha.

Kinyanjui akasafisha koo. "Jambo mlilolileta ni zito. Ukoo wetu hauna haraka. Tumelipima, na tumeona ni gumu sana."

"Tumesikia," Mzee Mbithi akajibu. Akaweka kikombe chini polepole. "Nasi tunaomba faragha tushauriane. Kama hamtajali, chumba hicho hicho."

Nilitaka kukataa, lakini mgeni akiomba faragha humnyimi. Wakapita nyuma ya pazia, yeye na mkewe. Kisha spika ya kushoto na spika ya kulia zikakohoa.

"Mama Muasya," zikasema kwa Kiswahili safi cha mtangazaji wa habari, "unanisikia?"

"Nakusikia, Baba Muasya. Na nadhani hata walioko sokoni wanakusikia."

Nikamtazama Bedan; Bedan akatazama nyaya zikiingia chini ya pazia, na nikaona zinavyomfahamisha moja baada ya nyingine. Amplifaya haikuwa imezimwa, na sindano iliyoachwa juu ya santuri ilikuwa imeokota kila neno letu kupitia sanduku la bati. Hakuna Mkamba asiyeelewa Kikuyu anapotaka kukielewa.

"Watu hawa ni wagumu," spika zikaendelea. "Ukoo hauna haraka."

"Wagumu kweli. Lakini chai ilikuwa tamu, na chai haikutoka kwa Khavere."

"Na baba wa msichana amesema ananipenda. Wewe hujaniambia hivyo tangu tuoane."

"Nyamaza, mzee. Waambie pia kofia si yangu. Niliazima kwa dada yangu, naye atanidai ua likianguka."

"Kibanda cha kuku!"

Hapo spika zote mbili zikapasuka kicheko, na nyuma ya ukuta tukasikia Khavere akicheka pamoja nazo. Kinyanjui, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa akisikia kila neno, akanigeukia.

"Nani huyo anazungumza redioni? Anasema maneno ya maana."

Labda ndipo uvumi wa redio ulipoanzia.

Walipotoka, hakuna aliyejua atazame wapi. Lydiah ndiye aliyeokoa siku. Alichukua buli, akawamiminia wakwe chai, akamwambia Mama Nthoki, "Mama, karibu." Lile neno "mama" lilimaliza shauri. Mzee Mbithi akamshika Bedan mkono, akasema, "Mkwe, nimehudhuria mashauri mengi. Haya ndiyo ya kwanza ambayo nimejua watu wanafikiri nini." Khavere naye akapiga hodi akiwa na sahani za vikombe, kwa kuwa tulikuwa tumeazima vikombe bila sahani zake.

Kabla ya arusi, Mzee alituletea meza ya mti mzito, aliyoichonga mwenyewe, ili kinanda kirudi sebuleni na spika zisilie tena. Hazikulia hata siku moja.

Bedan alifariki mwaka 1986. Nilipanga mazishi ya heshima, mchungaji na wasomaji wa salamu za rambirambi wakiwa na zamu zao. Zamu ya Mzee Mbithi ilipofika, kipaza sauti kilikuwa kimekwama. Akakigonga kwa kidole, kama alivyogonga ubavu wa spika, akainama kuelekea jeneza.

"Mkwe," akasema, "unanisikia?"

Nilicheka mbele ya mchungaji na ukoo wote. Anayetaka kuisimulia habari hii hapa Jericho na aisimulie, ila aseme kwamba haikuwa redio.