Kibanda cha Dende Tulichoacha Kukifagia

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule, hapa Hombo, upande wa Walikale, akiwa amekumbatia boksi la sabuni. Ndani yake walikuwamo dende wawili, mmoja mweupe mwenye kiraka cha kahawia jichoni, mwingine mweusi tii. Watu wengine huwaita simbilisi. Kwetu ni dende, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaopiga mluzi wakisikia majani yanakatwa. Aliwaweka chini ya cherehani yangu, akanitazama kwa sura ya mtoto anayejua kwamba tayari ameshinda, akauliza: "Mama, nyumba yao tutaifagiaka mara ngapi?"

Jibu lilinitoka kabla sijafikiri. "Mara mbili mu juma. Siku ya tatu na siku ya posho. Na maji usitie." Kisha nikaacha kitambaa kwenye sindano, nikatoka, nikakaa nyuma ya nyumba na kulia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Mume wangu alidhani nimejichoma kidole. Sikumwambia kitu. Acha nikwambie wewe.

Nilikulia Karuba, juu kwenye milima ya Masisi. Kule ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi, na mtoto asiyeshinda jikoni anaweza kupoteza masikio yake kwa baridi. Jiko lilikuwa la Koko. Ndivyo tulivyomwita mama mzazi wa Papa, baba yetu. Mama yetu alifariki mdogo wangu angali ananyonya, kwa hiyo tulikuwa watu wanne tu: Koko, Papa, mimi, na mdogo wangu wa kike. Na dende kumi na wanne. Ukipiga hesabu vizuri, sisi ndio tulikuwa wapangaji.

Bado nikipita mahali wanachoma kuni za mkaratusi nasimama. Ndiyo harufu ya jiko lile: moshi wa mkaratusi, sufuria ya maharage inayochemka tangu alfajiri, na viazi vilivyofukiwa kwenye majivu ya moto. Viazi vile! Ulikitoa kimoja kwa kijiti, ukakirusha mkono huu na mkono huu huku unapuliza, ukakila kwa chumvi tu. Maganda yalikuwa ya dende. Walijua sauti ya kisu, walijua hata mlango ukisukumwa na mtu mwenye majani mkononi, na hapo jiko zima lilijaa wii, wii, wii, hadi Koko awaambie wanyamaze kama watoto wa katekisimu.

Majirani waliwaacha dende wao wakimbie ovyo chini ya vitanda. Papa hakupenda hivyo. Mikono yake ilijua mbao kidogo, akawajengea kibanda cha mbao na mianzi pembeni ya moto, sakafu imeinuliwa, mlango unafungwa kwa kamba. Jirani yetu mmoja alikuja kukitazama, akatikisa kichwa. "Papa, hawa dende iko na nyumba ya muzuri kupita yangu." Papa akamjibu, "Basi ingia, nafasi iko." Walicheka hadi dende wakajificha.

Usafi wa kibanda ulikuwa na sheria zake, na sheria zilikuwa za Koko. Mara mbili kwa juma, Jumatano na Jumamosi, ndizo siku ya tatu na siku ya posho kwa lugha yetu. Ukifagia kila siku, alisema, unawaondolea harufu yao, na mama dende hatambui tena watoto wake. Ukifagia mara moja kwa juma, mkojo unawachoma macho na miguu. Maji hapana kabisa, maana maji na baridi ya Karuba ni kaburi la dende. Unawahamishia kwenye kikapu, unakwangua sakafu kwa kipande cha jembe la zamani, unafagia kwa kifagio kifupi cha nyasi, unanyunyiza majivu kwenye pembe, unatandika nyasi kavu. Samadi inakwenda kwenye kitalu cha maharage. "Dende iko sawa mugeni," alikuwa akisema. "Usimusumbue na fagio kila saa, na usimuache mu uchafu."

Kulikuwa na sheria nyingine, ya zamani kuliko kibanda. Mtu wa nyumba akiondoka kwenda safari, siku hiyo hamfagii. Ukifagia unafuta nyayo zake, na njia ya kurudi inampotea. Katekista alikuwa amehubiri dhidi ya mambo hayo. Koko, ambaye hakukosa kanisani hata Jumapili moja, alimsikiliza kwa heshima zote, akaitikia amina, na siku mjomba wetu, aliyekuwa akikaa kwetu kwa muda, alipoondoka fagio zote zililala juu ya dari. Ndiye Koko huyo.

Nilikuwa na miaka kumi mvua ilipoozesha viazi vyetu shambani. Papa akasema anakwenda Walikale kuchimba kasiterite, yale mawe ya bati, na kwamba atarudi kabla hatujavuna maharage. Aliondoka Jumamosi. Asubuhi ile alichuchumaa mbele ya kibanda na sahani yake ya viazi, anakula, anawatupia dende maganda, anawaaga mmoja mmoja kana kwamba ni wakwe zake. Mdogo wangu akamwuliza atarudi na nini. "Nitarudia na miguu yangu," akasema, akampaka majivu puani. Koko akamsindikiza hadi barabara ya Mushaki. Sisi wawili tukabaki.

Na ilikuwa Jumamosi, unakumbuka. Sasa sikia akili ya mtoto. Nilijua nyumba haifagiwi. Uwanja sikuugusa, sakafu ya jikoni sikuigusa. Lakini kibanda, nilijiambia, si nyumba yetu, ni ya dende, na dende hawajasafiri. Nilitaka Koko arudi na moyo wake mzito akute kazi imekwisha, aniambie neno nililolipenda kuliko sukari, kwamba mimi ni mkono wake wa kulia. Nikawahamisha dende, nikakwangua, nikafagia. Maganda ya viazi vya Papa niliyafagia kwanza, kwa sababu yalikuwa juu.

Koko alisimama mlangoni bila kuvua kanga yake ya mabegani. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye majivu mapya.

"Nani alifagia?"

"Ni mimi, Koko. Leo iko siku ya posho." Nilisema hivyo kwa majivuno, Mungu anisamehe.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alichukua kikapu, akaenda kitaluni, akapiga magoti. Wazee wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Koko alizoa. Alizoa samadi, nyasi zilizooza, ganda moja moja la kiazi, na udongo wa kitalu juu yake asije akaacha kitu, akavirudisha vyote kibandani na kuvitandaza kwa viganja vyake. "Itakaa hivi," akasema. "Hakuna muntu atagusa, mupaka baba yenu arudie."

Basi ikakaa. Juma la kwanza hapakuwa na tofauti kubwa. Juma la tatu harufu ilikuwa inakukamata kooni ukifungua mlango. Tulitandika nyasi kavu juu ya zile za zamani, tukatandika tena, lakini chini palikuwa pameloa na hapakukauka. Dende wakaanza kutokwa na usaha machoni, miguu ikapata vidonda. Kisha wakaacha kupiga mluzi. Ningeingia na majani mabichi yamejaa mikononi, na jiko likabaki kimya. Kimya kile kiliniogopesha kuliko vidonda.

Wa kwanza kufa alikuwa mama dende mweupe, wa mdogo wangu, akiwa na watoto tumboni. Mdogo wangu alinishika nguo akilia. "Dada, fagia kidogo tu. Pembe moja tu, Koko hataona." Nikamwambia hapana. Usidhani sikuwapenda. Nilimjua kila mmoja kwa sauti yake. Lakini kila asubuhi ilikuwa ama dende ama Papa, na kila asubuhi nilimchagua Papa. Walikufa tisa. Niliwazika wote mwenyewe, chini ya migomba, nikiwaomba radhi.

Koko aliona kila kitu. Mara mbili nilimkuta amesimama mbele ya kibanda na kifagio mkononi, anatazama ndani, kisha anakirudisha kwenye dari. Mwanamke aliyetufundisha kwamba kumwacha mnyama katika uchafu ni dhambi ya kuungama, akila ugali wake karibu na harufu ile kila jioni bila neno. Sasa nina watoto, najua ilimgharimu nini. Wakati ule nilidhani ananiadhibu.

Maharage yalikomaa, tukavuna bila Papa. Tulikuwa tunayapura uwanjani mchana mmoja alipofika mwanaume mgeni, mkulima wa msituni kutoka Walikale, mwenye nyumba ambamo Papa alikuwa akilala. Alikuwa ametembea siku nne. Sisi tulitumwa mtoni kuchota maji. Tuliporudi walikuwa wamekaa nyuma ya jiko, yeye na Koko, na sahani ya maharage mapya mbele ya mgeni haijaguswa. Alinitazama, akauliza kama mimi ndiye mkubwa. Nikasema ndiyo. "Alikuwa anakutajaka sana," akasema. Nilitembea na neno hilo siku nzima kwa furaha.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya kukwangua. Koko alikuwa amepiga magoti, kichwa na mabega yake yote ndani ya kibanda, na dende watano waliobaki walikuwa kwenye kikapu kando yake. Ilikuwa Jumanne.

"Koko, leo haiko siku yake," nikasema. "Na Papa hajarudia."

Hakugeuka. Alikwangua hadi mbao zikaonekana, akafagia, akafagia tena pale palipokwisha kuwa safi. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama. "Lete majivu, mwanangu."

Nikaleta majivu. Ndivyo nilivyoambiwa kwamba baba yangu amekufa.

Maneno yenyewe yalikuja baadaye, mbele ya watu, na katekista akiomba. Shimo liliporomoka wakati wa mvua. Papa na wenzake walibaki humo humo, hakuna aliyeweza kuwatoa. Watu wa Karuba walikuja kutulilia, wakaleta kuni na unga kama desturi. Mimi nilikaa kwenye kona ya jiko na siri yangu: ni mimi niliyemfagia. Sikumwambia Koko, sikumwambia mdogo wangu, sikumwambia padri. Leo nimesoma kidogo, nimetembea kidogo, nimeolewa katika nchi ile ile iliyomla baba yangu, na najua mvua ikitaka kushusha mlima wa Walikale haiulizi nani amefagia nini kule Masisi. Akili inajua. Moyo haukwenda shule.

Vita vilipofika kwetu tulikimbia na dende watatu ndani ya gunia, na wao hawakumaliza safari. Nilirudi Karuba mara moja, nikiwa mtu mzima. Mahali pa jiko pameota mahindi ya mtu nisiyemjua, marefu, yenye afya. Nilisalimia mwenye shamba, nikapita.

Koko alifia Shasha, kwa ndugu zetu wa kando ya ziwa. Juma lake la mwisho nilikuwa ninamlisha uji kwa kijiko. Siku moja alisukuma kijiko, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mwanangu, siku ile baba yako alitoka. Usifikirie ni wewe."

Miaka yote ile nilidhani hajui ninabeba nini.

"Ni mimi ndio nilifagia," akasema. "Yeye alitangulia kuaga jirani. Mimi nikabaki nyuma, nikakamata fagio, nikafagia kiwanja yote bila kufikiri, ndio nikamufuata. Wewe ulikuwa ungali unalala. Nyayo zake zilishapotea kabla uguse kile kibanda. Unasikia? Ni mimi, haiko wewe."

"Nimesikia, Koko," nikasema. Akafungua mdomo kama mtoto, akamaliza uji wake wote.

Sikumwambia ninachokumbuka. Asubuhi ile, walipokwisha kuondoka, nilitoka uwanjani kabla hata sijawaza kibanda. Ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa laini. Buti za Papa zilikuwa zimeacha alama nzuri kutoka mlangoni hadi njiani, na pembeni yake, sambamba, alama za miguu mitupu ya Koko, mama na mwanawe wakienda pamoja. Nilivua ndala zangu. Nilitia mguu wangu ndani ya kila alama ya buti, moja baada ya nyingine, nikivuta hatua ndefu kama zake, hadi mwisho wa uwanja. Hakuna aliyekuwa amefagia.

Koko hakuwa mtu wa uongo. Hata dawa ikiwa chungu alikwambia ni chungu. Alingoja hadi karibu na kufa ndipo akanidanganya mara moja tu, na akadanganya vibaya, na tangu tumzike sijapata mtu mwingine wa kunidanganya namna ile.