Machozi ya Fundi Chenge Siku Umeme Ulipokatika

Saa mbili asubuhi, cheche zinaruka katika karakana moja ya Nyakato, Mwanza. Nestory Chenge, fundi wa kuchomelea, anaunga bawaba ya geti. Akivua tu miwani myeusi, wenzake wanamtazama macho. Wana sababu.

Mwaka juzi fundi huyu alikuwa akilia hapahapa, mchana kweupe, na hakuna aliyejua. Mwanga wa kuchomelea ukikupiga macho hutoa machozi, kila fundi analijua hilo. Basi wenzake, watu wema jamani, wakawa wanamwekea vipande vya kiazi kibichi machoni kuyapoza.

“Nilikuwa nalia chini ya viazi,” anasema Nestory, na hapo anacheka. “Viazi haviulizi kitu.”

Mkewe, Rebeka, alikuwa amefariki. Binti yao, Queen, alipelekwa kwa bibi yake Kisesa. Nestory akabaki na nyumba tupu, usingizi ukamkimbia, akahamia kwenye pombe. Hospitali walishamwambia ana sonona wakampa dawa, lakini alipopata nafuu aliziacha mwenyewe. Mawazo ya kujiua, yaliyompeleka hospitali mara ya kwanza, yakarudi.

“Nilijiona mzigo. Nilidhani hata Queen atapumua bila mimi.”

Aliyemshtukia ni Teodora Masele, mama lishe wa pale. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, mashine zote kimya, na fundi bado anatokwa machozi.

“Nikamwambia, kaka Nestory, moto haujawaka tangu jana, hayo macho yamepigwa na nini? Nikamuuliza wazi, unafikiria kujiua? Akasema ndiyo.”

Teodora alifunika masufuria, akamwingiza kwenye bajaji, hakumwacha mpaka wakaonana na daktari.

“Msiba, upweke, kukosa usingizi, pombe, kuacha dawa: kwa mwenye sonona aliyewahi kuwaza kufa, hivyo huzidisha hatari, naye alikuwa navyo vyote,” anasema Dkt. Eugenia, anayemtibu. “Na kumuuliza mtu hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kusema.”

Sasa Nestory anameza dawa zake, pombe ameacha, na kila Jumapili yuko Kisesa. Shule zikifungua Januari anataka Queen arudi nyumbani. Kitanda cha binti ameshakichomelea, bado rangi tu.

Geti halijaisha, umeme unakatika. Teodora anaacha mwiko na kuja, kama walivyokubaliana, anamtazama machoni.

“Makavu,” anasema.

“Leo,” anajibu Nestory. “Ukikatika tena, uje uniulize.”