Jembe la Ndani ya Gunia

Tangu wakoloni walete majembe yaliyokuja kwa meli, mhunzi alishinda akimchungulia kwa kijicho shemeji yake, mwenye duka la majembe hayo ng'ambo ya barabara. Alizijua tabia zake zote: kulamba kidole kabla ya kushika jembe, kuligonga kwa ukucha lilie ngiii, kucheka kabla mteja hajacheka. Na wateja wale zamani walikuwa wa mhunzi!

Siku moja mwenye duka akavuka barabara na gunia kwapani. "Shemeji, ninyooshee jembe langu la shambani."

Mhunzi akafungua gunia, akakuta alama ya nyundo yake mwenyewe.

"Kumbe hulimii yale yako?"

"Polepole, bwana! Yale ni ya kuuza."

Mhunzi akaburuta fuawe la kunyooshea hadi mlangoni. "Jamani," akapaza sauti, "njooni mwone jembe la mwenye duka!"