Inalia Polepole

Jumatano, manyunyu tangu asubuhi. Mama mmoja Mzambia, anavuka mpaka kurudi kwao, aliniletea gereji gari ya spoti nyekundu, ya gia za mkono, aina niliyoitamani tangu utoto.

"Fundi mukwai, inalia polepole," alisema kwa neno la heshima la kwao.

Nilielewa inalia kwa sauti ndogo. Au nilitaka kuelewa hivyo. Nikaikimbiza hadi mji jirani wa Mpemba na kurudi, masikio wazi, moyo umejaa. Sikusikia kitu.

"Nzima, mama."

Akaiondoa taratibu. Giaboksi ikanguruma mbele ya mafundi wote.

"Nilisema ikienda polepole," akasema. "Wewe ulikwenda kutembea."

Ni kweli. Akaipeleka gereji ya jirani.

Jioni nyumbani tumekula ugali na maharage. Mkono wa kulia ulikula, wa kushoto ulikuwa bado unatafuta gia.